Shajara ya mradi: kupunguza kichomi kwa wakimbiaji wadogo wa Kapchorwa

Kikosi ninachokifundisha ni cha watoto wa shule ya msingi, miaka kumi hadi kumi na minne, huku kwetu mlimani upande wa Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, ambako kipande cha barabara tambarare hupatikana kwa kutafutwa. Wanakimbia mita 800, 1500 na 3000, na mbio za nyika msimu wake ukifika. Kinachowasimamisha njiani kuliko kitu kingine chochote ni kichomi, yale maumivu makali chini ya mbavu yanayomfanya mtoto ajikunje, ashike ubavu, apunguze mwendo na mwishowe atembee. Mwaka huu nimeamua kukishughulikia kama kazi inayojitegemea, na kuweka kumbukumbu ya kila hatua ili mwalimu wa michezo aliye Bukwo, Kween, Mbale au kwingineko aichukue na kuifanya kwake. Gharama zote ni kwa shilingi za Uganda.

## Februari 24, 2025: Daftari kwanza

Kabla ya kubadilisha chochote tulianza kuandika. Baada ya kila mazoezi, mtoto aliyepatwa alitakiwa kueleza maumivu yalikaa wapi, yalianza baada ya mwendo gani, kama tulikuwa tunapanda au tunashuka, na mara ya mwisho alikula au kunywa nini, saa ngapi.

Daftari hilo la kwanza halikutufaa. Kurasa nzima zilijaa neno "hakuna", na huku watoto tunawaona kwa macho wakiinama kando ya njia. Sababu nilipewa na msichana wa darasa la sita aliyebaki kunisaidia kukusanya vifaa uwanjani. "Mwalimu, ukisema ubavu unauma wanakucheka, wanasema umeshindwa." Mtoto wa huku anakua akisikia habari za Stephen Kiprotich aliyeshinda marathoni ya Olimpiki London mwaka 2012, za Joshua Cheptegei, za Peruth Chemutai wa Bukwo aliyeleta dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji kutoka Tokyo. Hakuna anayetaka kujulikana kuwa ndiye aliyekaa chini kwa ajili ya ubavu. Tena wapo watu wazima wanaokiita kichomi uvivu, na mtoto aliyekwisha kuambiwa hivyo mara moja hatakwambia tena kitu. Hili naliona ni zito kuliko maumivu yenyewe, kwa sababu ndiyo njia tunayowapoteza watoto wenye miguu mizuri kabisa.

Dawa yake ilikuwa karatasi ya manila. Nilichora kiwiliwili cha mtu, mbele na nyuma, nikakigawa visehemu vyenye namba. Sifuri ni kutoumwa kabisa. Baada ya mazoezi wote wanapanga mstari, aliyeumwa na asiyeumwa, kila mmoja anafika mbele ya karatasi peke yake, anaweka kidole, anataja namba, anakwenda zake. Kwa kuwa kila mtu anapita, hakuna anayeonekana kuwa ndiye mgonjwa wa siku. Kuanzia hapo daftari likaanza kusema kweli.

Vidole vingi vilitua upande wa kulia chini ya mbavu, vingine kushoto, vichache katikati karibu na kitovu. Wapo pia waliogusa ncha ya bega. Mwalimu asidhani wanatania. Neva inayohudumia kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, hutokea shingoni, mahali pamoja na neva zinazoleta habari za bega, kwa hiyo maumivu ya chini ya kiwambo huweza kusikika begani.

Gharama: madaftari mawili 4,000, peni 1,000, manila 1,500. Jumla 6,500.

## Machi 3: Kinachojulikana kuhusu chanzo

Naweka hapa kwa kifupi, maana kila tulichojaribu baadaye kimetoka humu.

Maelezo ya zamani ni kwamba kiwambo kinakosa damu ya kutosha mtu akikimbia huku tumbo linasaga chakula. Wengi bado wanayasema. Lakini Darren Morton na Robin Callister, watafiti wa Australia, waliwahoji wanamichezo 965 wa michezo sita na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Waogeleaji na wakimbiaji ndio walioongoza kwa kichomi, na wapanda farasi hawakuwa mbali nao, ilhali waendesha baiskeli walikuwa chini kabisa. Mwendesha baiskeli anahema sana, kiwambo chake kinafanya kazi kubwa. Mpanda farasi hahemi kiasi hicho, anarushwarushwa tu. Kama kosa lingekuwa la kiwambo, mambo yangekuwa kinyume.

Wengine wanasema ni kano zinazoshikilia ini, tumbo la chakula na wengu, zinazovutwa kila mguu ukitua. Hili linamfaa mkimbiaji na mpanda farasi. Muogeleaji linamwacha nje, kwa kuwa majini hakuna kuruka wala kutua.

Maelezo ya tatu ndiyo ninayoyaamini zaidi. Tumbo lina utando wa matabaka mawili, moja limetanda juu ya viungo na jingine limetanda upande wa ndani wa ukuta wa tumbo, na katikati yake kuna umajimaji wa kulainisha. Tumbo likijaa, au kiwiliwili kikijipinda sana, matabaka hayo husuguana. Tabaka la nje lina neva zinazotoa habari ya mahali hasa panapouma, ndiyo maana mtoto anaweza kuweka kidole kimoja akasema "hapa". Na sehemu yake iliyo chini ya kiwambo ndiyo inayopeleka maumivu begani. Kila tulichoandika kwenye manila kinakubaliana na haya.

Hao watafiti waliona pia kwamba vijana huumwa zaidi kuliko watu wazima. Kwa hiyo mwanariadha mkubwa akisema yeye hakumbuki lini mara ya mwisho aliumwa, asichukuliwe kuwa kipimo cha mtoto wa miaka kumi na mmoja.

## Machi 17: Kuhesabu pumzi

Ushauri unaosikika kila uwanjani ni kulinganisha pumzi na hatua. Ini liko kulia, kwa hiyo mtu asitoe pumzi kila mara mguu wa kulia unapotua. Tulijaribu kuvuta pumzi kwa hatua tatu na kuitoa kwa hatua mbili, ili mguu wa kutolea pumzi ubadilike wenyewe.

Uwanjani, kwa mwendo wa polepole, waliweza. Mlimani ikaharibika. Watoto walikaza mabega, wakaangalia miguu yao, wakapoteza hesabu, wakaanza kuhema ovyo kuliko hapo mwanzo, na mmoja alijikwaa kwenye jiwe akachubuka goti. Daftari halikuonyesha nafuu yoyote. Kwa wale wakubwa wa darasa la saba huenda ikawafaa baadhi yao kwa kutuliza akili, lakini wadogo tumewaachia wapumue wanavyopumua.

Kilichobaki katika habari ya pumzi ni cha wakati maumivu yameshaanza. Mwaka 1999 Plunkett na Hopkins waliwanywesha wakimbiaji maji mengi makusudi, wakawakimbiza hadi kichomi kikaja, kisha wakapima kipi kinakituliza. Kuinama mbele, kukaza mkanda tumboni, na kupumua kwa mapafu yaliyojaa huku midomo imebanwa vilisaidia. Tulianza na hilo la midomo. Mtoto anapunguza mwendo, anajaza kifua, kisha anatoa pumzi taratibu kama anayepuliza moto wa kuni. Hata wa darasa la nne walilielewa palepale, kwa kuwa hakuna kuhesabu.

## Machi 31: Uji

Mazoezi yetu ni saa kumi jioni siku za shule, na Jumamosi asubuhi. Daftari lilionyesha kwamba Jumamosi ndiyo siku mbaya kuliko zote, kwa sababu watoto hunywa uji nyumbani, kikombe kikubwa, kisha wanakuja mbio kabla haujatulia. Siku za shule inategemea jikoni. Posho, yaani ugali, na maharagwe vikitoka saa saba, jioni ni shwari. Kuni zikiwa mbichi, chakula kikachelewa hadi saa nane na nusu, karibu nusu ya kikosi itashika mbavu.

Jaribio la kwanza lilikuwa kukimbia tumbo tupu Jumamosi. Kichomi kilipungua kweli, lakini ikaja shida nyingine. Wengine hutembea mwendo mrefu kufika uwanjani, na bila kitu tumboni walianza kuona kizunguzungu, mikono ikawatetemeka, kasi ikashuka. Mzazi mmoja alinifuata akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mtoto akirudi anatetemeka hivi, mimi nimwambie nini baba yake?" Alikuwa na haki kabisa. Mtoto anayekua hanyimwi chakula ili akimbie, na ninamwomba yeyote anayeiga mradi huu asipitie njia hiyo.

Tulirudi kwenye kiasi. Mtoto wa kilo 28 akinywa nusu lita ya uji, ni sawa na mtu mzima wa kilo 60 kunywa zaidi ya lita moja, kisha aambiwe apande mlima. Hapo ndipo wazazi walipoelewa. Nilipofanya hesabu hiyo mbele yao kwenye mkutano, na lita moja ya maji imewekwa mezani, hakuna aliyebisha. Tukakubaliana hivi: uji mwepesi, kikombe kidogo tu, saa mbili kabla ya kukimbia, na unaobaki wanywe baada ya mazoezi. Nasi tukasogeza mazoezi ya Jumamosi kutoka saa moja hadi saa tatu ili hizo saa mbili zipatikane bila mtoto kuamshwa usiku.

Kwa siku za shule, mama mpishi alikubali wakimbiaji wapakuliwe kwanza. Alisema, "Mwalimu, hao wako wapange mstari mapema, mimi sitawachelewesha." Chakula kikichelewa licha ya hayo, tunabadilisha mpangilio wa mazoezi. Tunaanza na kupokezana vijiti kwa kutembea, kunyoosha viungo, kurusha tufe, na mbio zinakuja mwisho. Maharagwe na mafuta hukaa tumboni muda mrefu, hakuna namna ya kuyaharakisha.

Nafuu iliyopatikana hapa ni kubwa kuliko kitu kingine chochote katika shajara hii. Gharama: hakuna.

## Aprili 22: Tangi la maji, na juisi

Kengele ya saa kumi ikilia, watoto wanakimbilia tangi. Wamekaa darasani mchana kutwa na kiu, kwa hiyo wanakunywa kwa pupa, kikombe juu ya kikombe, kisha moja kwa moja uwanjani. Kuwakataza maji ni hatari na sikutaka kulifikiria. Tulichofanya ni kuyasogeza mbele: maji wakati wa mapumziko ya saa nne, maji tena na chakula cha mchana, na jerikeni inaingia darasani saa nane ili mtoto anywe kidogo kabla ya kipindi cha mwisho. Wakati wa mazoezi ni mafunda mawili matatu kila tukimaliza mzunguko, kwa vikombe vidogo. Vikombe vya shule ni vikubwa mno. Mtoto akikishika kilichojaa atakimaliza. Wiki ya kwanza walilalamika, baadaye wakazoea, kwa kuwa hakuna tena anayefika uwanjani na koo kavu.

Juisi ilikuwa kesi ngumu zaidi. Kwenye mashindano ya shule jirani, msichana wetu wa mita 1500, ambaye mazoezini alikuwa amepitisha siku nyingi akitaja sifuri, aliongoza mizunguko miwili kisha akasimama amejishika upande wa kulia. Baba yake alikuwa amemnunulia chupa ya juisi, naye akaimaliza muda mfupi kabla ya kuitwa kwenye mstari. Alikuwa amefunga kibanda chake sokoni ili aje kumwona binti yake akikimbia. Ungemwambiaje mtu kama huyo kwamba zawadi yake ndiyo iliyomsimamisha mtoto?

Sayansi yenyewe iko wazi. Mwaka 2004 Morton na wenzake walilinganisha vinywaji kwa wakimbiaji, na juisi ya matunda ndiyo iliyochokoza kichomi zaidi. Sukari ikizidi, kinywaji kinachelewa kutoka tumboni. Soda nayo ni hatari vilevile, na gesi juu yake.

Tangazo la "msiwape watoto soda" lilipita bila kusikika. Kilichofanikiwa ni kuwapa wazazi kazi. Siku ya mashindano kila mzazi aliyeleta kinywaji anakaa nacho kwenye mstari wa kumalizia, na mtoto anakipokea hapo akishavuka. Yule baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama pale. Kabla ya mbio tunatoa ndizi mbivu moja moja, mapema, na maji kidogo.

Gharama: jerikeni ya lita kumi 8,000, vikombe vidogo kumi 10,000, ndizi za siku za mashindano 15,000. Jumla 33,000.

## Juni 9: Mkanda

Likizo ya Mei nilimpelekea fundi cherehani lastiki pana, akashona mikanda kwa kufuata lile wazo la kukaza tumbo. Haikufaa. Lastiki ilipanda juu kila hatua hadi ikakaa kwenye mbavu, jasho likaifanya ichubue ngozi, na wadogo waliikaza kupita kiasi wakidhani kukaza zaidi ni kupona zaidi, wakashindwa kuvuta pumzi. Kipande cha kitenge kilichokunjwa mara mbili na kufungwa upana wa kiganja kilitulia vizuri zaidi, lakini nacho hulegea kwenye mbio ndefu.

Mwishowe tuliacha vyote. Mkono wenyewe unatosha: mtoto anabonyeza mahali panapouma kwa vidole vyote vinne, anainama mbele kidogo, anapumua kwa ile midomo iliyobanwa, huku akiendelea kutembea. Wengi hupata nafuu kabla hawajafika kona inayofuata.

Gharama: lastiki mita sita 9,000, fundi 10,000. Jumla 19,000. Mwenzangu unayesoma, usinunue.

## Juni 23: Kushuka

Nilipolipanga daftari kwa kupanda na kushuka, kushuka kulizidi kwa mbali. Watoto wetu wanashuka kwa kujitupa nyuma, visigino mbele, hatua ndefu, na kila hatua inatikisa tumbo zima. Wengine wamezoea kujikunja mgongo darasani na chini ya mikoba mizito. Morton na Callister waliandika mwaka 2010 kwamba wenye mgongo uliopinda kwa juu hupata kichomi zaidi. Nao utafiti wa miaka ya karibuni umeona kwamba wakimbiaji wenye misuli imara ya kiwiliwili, hasa ile ya ndani inayozunguka tumbo, huumwa kidogo.

Tulianza na mazoezi ya kulala chali na kuinuka. Yakageuka mashindano ya kuhesabu; kila mmoja anataka kumpita mwenzake, shingo zinavutwa kwa mikono, mgongo unapigwa chini. Kesho yake wakaja na matumbo yanayouma kwa mazoezi, na daftari likachanganyikiwa maana huwezi kujua lipi ni lipi. Tukabadilisha kuwa mazoezi ya kushikilia, yasiyo na cha kuhesabu. La kwanza ni kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka. La pili ni kulala chali, magoti juu, na kuinua kiuno. La tatu ni kulala chali mikono na miguu ikiwa hewani, kisha kushusha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili polepole, mgongo usiachane na ardhi. Tulianza na sekunde ishirini, sasa wengi wanafika arobaini. Magunia matupu ndiyo mikeka yetu.

Kushuka kwenyewe tunafundisha hatua fupi za haraka, mguu utue chini ya mwili, kifua mbele kidogo, macho yatazame mbali. Hili linachukua muda na bado halijakamilika. Mtoto aliyeshuka mlima huu tangu alipojifunza kutembea ana namna yake tayari.

Gharama: magunia kumi 10,000.

## Julai 7: Kuanza kwa pupa

Bunduki ikilia, mtoto wa mita 3000 anatoka kama wa mita 100. Tumbo, pumzi na mwendo havijapatana, na kichomi kinamkuta kabla mzunguko wa pili haujaisha. Asubuhi za baridi ndiyo mbaya zaidi, kwa hiyo kupasha mwili moto kumekuwa lazima: kutembea haraka, mbio za taratibu, kisha vipande vifupi vya kasi.

Maneno ya "anza polepole" hawayasikii. Kilichowaingia ni habari wanayoijua wenyewe. Machi 2017, kwenye mashindano ya dunia ya mbio za nyika pale Kololo, Kampala, Joshua Cheptegei aliongoza mbele ya watu wake hadi mzunguko wa mwisho, kisha nguvu zikamwishia akamaliza wa 30. Haikuwa kichomi, na niliwaeleza hivyo. Lakini mwaka 2019 kule Aarhus, Denmaki, alirudi akaushinda ubingwa huohuo. Niliwauliza wanadhani alibadilisha nini, wakabishana wenyewe kwa wenyewe hadi giza likaingia, na katika mabishano hayo yule mdogo kuliko wote ndiye aliyesema, "Alijua kungoja."

Siku hizi tunakimbia mzunguko wa kwanza kwa kuzungumza. Anayeshindwa kutamka sentensi nzima anarudi nyuma ya kundi. Nusu ya pili lazima iwe na kasi kuliko ya kwanza, na ninatangaza tofauti hiyo tu, sitangazi nani amemaliza wa kwanza. Vichomi vya mwanzo wa mbio vimekuwa haba tangu hapo.

## Julai 21: Maumivu ambayo hayakuwa kichomi

Hii sehemu naomba isirukwe. Mvulana mmoja alitaja kushoto chini ya mbavu baada ya mazoezi, kama wengi, lakini aliendelea kuitaja akiwa amekaa, na kesho yake asubuhi bado. Kichomi huondoka muda mfupi baada ya kusimama. Hiki hakikuondoka. Alikuwa ametoka kwa ndugu zake tambarare ya Ngenge, ambako malaria ni nyingi kuliko huku juu. Tulimpakia boda na mama yake hadi kituo cha afya, wakampima damu ya kidole, ikawa malaria, na muuguzi akatuambia wengu umevimba. Mtoto mwenye wengu uliovimba hapaswi kukimbia wala kucheza mpira wa kugongana, kwa kuwa unaweza kupasuka. Alitibiwa, akapumzika hadi kituo kiliporuhusu, ndipo akarudi kwetu.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu ulioandikwa nyuma ya manila. Maumivu yanayobaki baada ya kupumzika, yanayokuja mtoto akiwa amelala, yanayoambatana na homa, kutapika au macho ya manjano, huyo hakimbii, anapelekwa kupimwa. Maumivu ya chini kulia yanayozidi kila saa yanaweza kuwa ya kidole tumbo, na hayo hayasubiri asubuhi. Maumivu ya kifua, au kuzirai katikati ya mbio, yanasimamisha mazoezi ya mtoto huyo hadi daktari amwone. Mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, ana masharti yake ya mazoezi, na mwalimu anapaswa kuyajua kabla ya kumweka kwenye mstari. Wasichana wakubwa wanaotaja chini ya kitovu huzungumza na mwalimu mwenzangu wa kike, faraghani. Mara nyingi ni hedhi, na wanahitaji msaada wa aina nyingine.

Gharama: boda kwenda na kurudi 6,000.

## Agosti 11: Tulipofika

Muhula unakaribia kwisha. Mwezi wa pili, siku ya Jumamosi, karibu nusu ya kikosi ilikuwa ikitaja namba. Sasa ni mmoja au wawili, na siku nyingine mstari mzima ni sifuri. Kilichofanya kazi kubwa ni saa za chakula na kiasi cha kinywaji, kisha mwendo wa kuanza. Mazoezi ya kiwiliwili nayapa nafasi ya tatu, ila siwezi kuyatenganisha vizuri na mengine kwa kuwa yalianza katikati.

Mtoto akipatwa siku hizi hangoji mwalimu. Anapunguza mwendo, anabonyeza, anainama, anapuliza, anatembea hadi panyamaze, kisha anaanza tena taratibu. Wenzake wanampita bila kusema neno, na hilo nalo tulilifundisha.

Jumla ya gharama hadi leo: 74,500. Anayeanza leo akiacha mikanda atatumia 55,500, na akiwa na vikombe vidogo na jerikeni shuleni tayari, pungufu ya hapo.

Yamebaki mawili. Mvulana mmoja kati ya wale waliogusa ncha ya bega bado anaumwa kwenye mbio za zaidi ya mita 2000 hata tumbo likiwa jepesi, naye mgongo wake umepinda kwa juu. Tutaongeza mazoezi ya mgongo na kumfuatilia peke yake muhula wa tatu. La pili ni kushuka. Mwalimu wa shule iliyo bondeni, ambako uwanja ni tambarare, amekubali kuweka daftari kama letu kuanzia Septemba, ili tulinganishe watoto wanaoshuka na wasioshuka. Karatasi yake ya manila nimeshamchorea.